Sheria ya kimataifa kwa tusiosoma sheria: mkataba wa 1890 unatufungaje sisi wa Ziwa Nyasa?

Mwanakyela ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mbeya, ninasoma maendeleo ya jamii. Muhula huu tuna somo linalogusa sheria ya kimataifa, yaani ile inayohusu dola na dola, na mhadhiri ametutaka tuandike kurasa nane kujibu swali hili: je, sheria ya kimataifa ni sheria kweli, au ni makubaliano tu yanayofuatwa pale yanapowafaa wenye nguvu? Sijawahi kusoma sheria hata siku moja. Vitabu viwili nilivyoazima maktaba vimeandikwa kwa mtu ambaye misingi tayari anayo, na kila ninapofungua nakutana na neno linaloelezwa kwa neno jingine nisilolijua.

Nimeona bora nianzie mahali ninapopajua. Nimezaliwa Kyela, na baba yangu mdogo ni mvuvi Matema. Siku za giza yeye na wenzake husukuma mitumbwi majini jioni, huwasha taa, husubiri usipa waufuate mwanga, na alfajiri hurudi kuwaanika. Kila mgogoro wa mpaka na Malawi unapotajwa redioni, ufuoni huzuka mjadala uleule: wapo wanaosema mpaka uko katikati ya ziwa, na wapo waliosikia kwamba kwa hesabu ya Malawi mpaka ni pale pale maji yanapogusa mchanga, kwa sababu Wajerumani na Waingereza waliandikiana hivyo tarehe 1 Julai 1890.

Naomba kueleweshwa. Inakuwaje karatasi iliyotiwa saini Berlin, na watu ambao hawakumwuliza yeyote wa kwetu, iwe na nguvu juu yetu hadi leo? Je, uvuvi wa wazee wetu, waliokuwa ziwani kabla ya Mjerumani kufika, hauhesabiki? Na nchi mbili zikishindwa kuelewana, nani ana mamlaka ya kuamua, na akishaamua, nani anasimamia utekelezaji? Sitafuti mtu wa kunifanyia kazi ya chuo. Nataka nielewe ili niiandike mwenyewe.

---

WakiliGangilonga amejibu:

Marahaba, mdogo wangu. Umeanzia mahali pazuri, kwa sababu karibu misingi yote ya somo hili inaonekana mtu akisimama ufuoni Matema. Mimi ni wakili hapa Iringa, na ingawa kesi zangu za kila siku ni za mashamba na mirathi, somo hili sijaliacha tangu chuoni. Nitajibu kwa kirefu.

Kwanza neno lenyewe, sheria. Sisi tumezoea sheria inayoshuka kutoka juu: Bunge linatunga, polisi anakamata, hakimu anahukumu. Kati ya dola na dola hakuna aliye juu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, katika ibara yake ya 2, unasema kwamba umoja huo umejengwa juu ya usawa wa mamlaka ya wanachama wake wote. Maana yake Malawi na Marekani ni sawa mbele ya sheria hiyo, ingawa kwa nguvu hazikaribiani. Basi kanuni zinazozifunga dola hazishuki kutoka kwa mkubwa wao, zinatokana na ridhaa yao zenyewe. Kwa hiyo ukikutana na kanuni yoyote ya kimataifa, usiulize kwanza nani aliitunga. Uliza nani aliiridhia, na aliiridhia kwa njia gani.

Njia hizo zimetajwa katika ibara ya 38 ya hati iliyoianzisha Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague. Ya kwanza ni mikataba. Hii ndiyo rahisi kuielewa: dola zimeandikiana, zimetia saini, na pale inapohitajika zimeridhia kwa utaratibu wa nyumbani kwao. Kwetu, ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa, na hata baada ya hapo mara nyingi inabidi itungwe sheria ya ndani ndipo mwananchi aweze kuitumia mahakamani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, lakini Sheria ya Mtoto ilikuja kutungwa 2009. Miaka hiyo kumi na minane katikati, dola yetu ilikuwa imefungwa mbele ya dola nyingine, huku mtoto wa Makambako akiwa hana sheria ya nyumbani ya kushika mkononi.

Njia ya pili ni desturi, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Niliwahi kusimamia shauri la ardhi kule Mufindi. Familia moja ilikuwa imepita katikati ya shamba la miti la jirani kwenda kisimani kwa zaidi ya miaka thelathini. Mzee mwenye shamba akafariki, mwanawe akaifunga njia kwa miiba. Hakukuwa na karatasi yoyote. Lakini shahidi mmoja mzee alieleza kwamba alikuwapo siku marehemu alipoulizwa kwa nini haizuii njia ile, naye akajibu, "Nitazuiaje? Ni njia yao." Kama marehemu angesema, "Nawaacha tu, ni jirani zangu," shauri lingekuwa jingine kabisa. Jirani anayepita kwa hisani na jirani anayepita kwa haki wanakanyaga njia ileile, na ukiwatazama miguu hutawatofautisha. Tofauti iko katika kile ambacho pande zote mbili zinaamini.

Desturi ya kimataifa ni hivyo hivyo. Inahitaji mwenendo wa dola unaorudiwa, na inahitaji imani kwamba mwenendo huo ni wajibu wa kisheria, si adabu wala urahisi tu. Mwaka 1960 mahakama ya The Hague iliamua shauri kati ya Ureno na India linalofanana sana na lile la Mufindi. Ureno ilikuwa na vipande vya ardhi vilivyozungukwa na ardhi ya India, na ilidai haki ya kupita. Mahakama ilikubali kwamba kwa mwenendo wa muda mrefu Ureno ilikuwa na haki ya kuwapitisha raia, watumishi wa kiserikali na mizigo, kwa sababu walikuwa wakipita bila kikwazo kwa zaidi ya karne. Lakini ikakataa haki ya kupitisha askari na silaha, kwa kuwa hao walikuwa wakipita kwa ruhusa. Njia moja, wapitaji wa aina mbili, jibu tofauti.

Zipo pia kanuni za jumla zinazokubaliwa na mifumo ya sheria ya mataifa, kama kutenda kwa nia njema. Hukumu za mahakama na maandishi ya wanazuoni huja nyuma, kama msaada wa kuijua sheria.

Sasa nije kwenye ziwa lako. Mkataba wa 1890, katika ibara yake ya kwanza, unasema mpaka ukifika Nyasa unafuata ufuo wa mashariki, kaskazini na magharibi hadi mlangoni mwa Mto Songwe. Malawi inasoma maneno hayo kama yalivyo. Tanzania inajibu kwamba mpaka wa haki ni mstari wa katikati, kwamba baadhi ya ramani za enzi ya udhamini wa Waingereza ziliuonyesha mpaka katikati ya maji, na kwamba ibara ya 6 ya mkataba huohuo iliruhusu mistari kurekebishwa kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Sitakuamulia nani mkweli. Ila nitakuonyesha jinsi mahakama inavyousoma mkataba huo, kwa sababu ilishawahi kuusoma.

Botswana na Namibia zilikuwa zikigombea kisiwa kidogo katika Mto Chobe, ambacho mmoja anakiita Kasikili na mwingine Sedudu. Mpaka wao nao ulitokana na mkataba ule ule wa tarehe 1 Julai 1890, ibara ya 3. Mkataba ulisema mpaka ufuate mkondo mkuu wa mto. Tatizo ni kwamba mto unagawanyika kukizunguka kisiwa, na hakuna aliyekuwa ameandika mkondo mkuu ni upi. Hukumu ilitoka Desemba 1999 na kisiwa kikawa cha Botswana. Majaji walipima kina, upana na wingi wa maji, na wakalinganisha maneno ya Kiingereza na ya Kijerumani. Kanuni za kutafsiri walizotumia ni zile za Mkataba wa Vienna kuhusu Sheria ya Mikataba wa 1969, ingawa si Botswana wala Namibia iliyokuwa mwanachama wake, kwa sababu kanuni hizo zilikwishakuwa desturi. Hapo unaona mkataba na desturi vikifanya kazi pamoja ndani ya hukumu moja.

Na katika shauri hilo kuna jibu la swali lako kuhusu wavuvi, jibu ambalo najua halitampendeza baba yako mdogo. Namibia ilieleza kwamba Wamasubia wa Caprivi walikuwa wakilima kisiwani humo kwa miaka mingi. Mahakama ilikubali kwamba walikitumia kweli. Hata hivyo ilisema watu hao walikwenda kulima kwa shughuli zao wenyewe, si kwa niaba ya dola, na kwa hiyo jembe lao halikuthibitisha mamlaka ya dola. Mtumbwi wa Matema utapimwa vivyo hivyo. Kinachotafutwa ni kile ambacho serikali yenyewe ilifanya pale majini: kutoa leseni, kukusanya ushuru, kupiga doria, kuhukumu kesi, na kile ambacho serikali ya upande wa pili ilisema, au ilinyamazia, ilipoyaona.

Hata hivyo hukumu hiyo haikuwaacha watu wa mto mikono mitupu. Majaji waliamua pia kwamba katika mikondo yote miwili raia na vyombo vya nchi zote mbili vitendewe kwa usawa. Mpaka ulipatikana, na watu wakaendelea kuyatumia maji ya pande zote. Mimi binafsi naona kwa mvuvi sehemu hiyo ya hukumu ina uzito kuliko mstari wenyewe.

---

MwalimuMstaafu_Tukuyu amejibu:

Nawasalimu wote. Wakili ameeleza vizuri, ila swali la kijana kuhusu karatasi ya Berlin halijajibiwa sawasawa, nami nililifundisha katika somo la historia kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba niliongezee.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Mwalimu Nyerere hakukubali kurithi mikataba ya Waingereza kama mtoto anavyorithi madeni ya baba asiyoyajua. Serikali yake iliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili mbili iliyofungwa na Uingereza kwa niaba ya Tanganyika ingeendelea kwa miaka miwili, na katika muda huo nchi ingeichambua mmoja mmoja. Ambao haukuthibitishwa ungekoma, isipokuwa ile ambayo kwa sheria ya desturi ya kimataifa ingeendelea kuwapo. Msimamo huo ulikuja kuigwa na nchi nyingine zilizopata uhuru na hadi leo unatajwa kwa jina lake. Mfano wake mashuhuri ni makubaliano ya maji ya Mto Nile ya 1929 kati ya Uingereza na Misri: mwaka 1962 Tanganyika iliandika kwamba hayaifungi.

Basi mwanafunzi atauliza, kama tuliyakataa ya Nile, mbona tusiukatae mpaka wa Nyasa? Jibu limo katika yale maneno ya mwisho, "isipokuwa". Mipaka imetengwa na mikataba mingine. Ilitengwa na desturi, ikatengwa na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo Julai 1964, ambamo wakuu wa nchi waliahidi kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, na ikatengwa tena na Mkataba wa Vienna wa 1978 kuhusu urithi wa mikataba. Somalia na Morocco hazikulikubali azimio la Cairo. Nyerere alilipigania.

Vijana wengi huwa wanalichukia azimio hilo wakidhani lilitubakiza mikononi mwa wakoloni. Nawaomba wafungue tena ramani. Mkataba ule ule wa 1890, ibara ile ile ya kwanza, ndio uliochora mpaka wa kaskazini magharibi kwa kufuata mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, mstari unaopita kaskazini ya Mto Kagera. Novemba 1978 Iddi Amin alipotangaza kwamba ardhi yote hadi mtoni ni ya Uganda, hoja yake ilikuwa kwamba mto ndio mpaka wa asili na mstari wa wakoloni hauna maana. Sisi tulisema mpaka ni ule tuliourithi. Nilikuwa kijana wakati ule, nimewaona vijana wa wilaya hii wakipanda malori kwenda vitani, na wengine hawakurudi Rungwe. Karatasi ya Berlin inayotukwaza Nyasa ndiyo iliyokuwa ngao yetu kisheria kule Kagera, na mtu mwenye nia njema hawezi kuishika kwa mkono mmoja na kuitupa kwa mkono mwingine bila kueleza kwa nini. Inawezekana kueleza, na wanasheria wetu wamejaribu, lakini lazima waeleze.

---

MsomajiNjombe amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Mimi nilidhani jambo hili ni jepesi zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unazungumzia mstari wa katikati kwa nchi zinazotazamana, na Tanzania ni mwanachama. Je, hiyo haitoshi kumaliza mjadala? Tena mazingira yamebadilika mno tangu 1890. Kwa sheria ya kawaida ya mikataba, mabadiliko makubwa ya hali si sababu ya kujitoa?

---

WakiliGangilonga amejibu:

Ndugu wa Njombe, nashukuru, kwa sababu hoja hizo mbili nazisikia mara nyingi hata kwa watu wenye shahada, na zote mbili zina kasoro.

Mkataba wa 1982 ni wa bahari. Ziwa Nyasa ni maji ya bara, na mipaka ya maziwa hufuata mikataba mahsusi ya nchi husika, na desturi pale mikataba inapokosekana. Ni kweli kwamba maziwa mengi yamegawanywa katikati, na hata Nyasa lenyewe, kwa upande wa Msumbiji, liligawanywa kwa makubaliano ya Uingereza na Ureno ya 1954. Lakini mfano huo una makali pande mbili: Tanzania inauonyesha kama ushahidi kwamba katikati ndipo pa haki, na anayepinga atasema unathibitisha kwamba ilihitajika mkataba mpya ili kuuhamisha mpaka kutoka ufuoni.

Kuhusu mabadiliko ya hali, kanuni hiyo ipo, ni ibara ya 62 ya Mkataba wa Vienna wa 1969. Ila isome hadi mwisho: inasema kwamba haiwezi kutumiwa kuuvunja mkataba unaoweka mpaka. Walioiandika waliona mbali. Kama kila kizazi kingeweza kusema hali imebadilika, hakuna nchi ambayo ingelala usingizi.

Nimalizie swali la Mwanakyela kuhusu mwamuzi. Mahakama ya The Hague ina majaji 15, wanaochaguliwa kwa vipindi vya miaka tisa, lakini haina uwezo wa kuiita dola yoyote kama hakimu wa wilaya anavyomwita mdaiwa. Dola inafika pale kwa ridhaa: ama zote mbili zimeandikiana hati ya kulipeleka shauri, kama Botswana na Namibia zilivyofanya 1996, ama kuna kifungu katika mkataba fulani, ama kila moja imetoa tamko la kuikubali mahakama mapema. Malawi ilitoa tamko hilo 1966. Tanzania haimo katika orodha ya waliotoa. Ndiyo maana suala la Nyasa limepita kwenye mazungumzo na usuluhishi, pamoja na ule wa jukwaa la viongozi wastaafu wa Afrika lililoongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, lakini halijasikika mbele ya majaji. Usuluhishi ni mlango halali kabisa wa sheria ya kimataifa. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inautaja pamoja na mazungumzo na mahakama, na haikuupanga chini ya wowote.

Na nani anatekeleza? Kwa karatasi, aliyeshinda akipuuzwa anaweza kwenda Baraza la Usalama, lakini huko wapo watano wenye kura ya turufu. Kwa vitendo, mtazame Nigeria. Oktoba 2002 mahakama iliamua kwamba rasi ya Bakassi ni ya Kamerun. Nigeria ni kubwa kuliko Kamerun kwa watu na kwa jeshi, na wakazi wengi wa Bakassi walijiona Wanigeria. Ilichukua miaka, yakahitajika makubaliano mengine ya Juni 2006, na Agosti 2008 Nigeria ikakabidhi eneo lote. Hakuna polisi aliyekwenda kuitoa. Nakuomba uiandike habari hiyo katika kurasa zako nane, na pembeni yake uandike pia kwamba Oktoba 2021 Kenya iliikataa hukumu ya mpaka wa bahari kati yake na Somalia. Ukiandika moja tu kati ya hizo mbili utakuwa umemdanganya msomaji wako.

---

Forodha_Tunduma amejibu:

Habari zenu. Mimi si mwanasheria, ni wakala wa forodha mpakani, na naomba niseme jambo moja kwa kijana, kwa sababu mazungumzo yote yamekuwa ya migogoro, na mtu anaweza kudhani sheria ya kimataifa huonekana siku ya ugomvi tu.

Kila asubuhi natazama foleni ya malori ya Kongo na Zambia. Zamani dereva alipigiwa mihuri Tunduma, akatembea, akaanza upya Nakonde. Tangu kituo cha pamoja kifunguliwe 2019, maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Fikirieni maana yake: ofisa wa Tanzania amekaa kwenye ardhi ya Zambia, anakagua nyaraka na kutumia sheria ya Tanzania, na hakuna anayemwuliza kwa mamlaka gani. Bila makubaliano, kitendo hicho kingekuwa uvunjaji wa mamlaka ya nchi jirani. Kinawezekana kwa kuwa nchi mbili zimekubaliana kwa maandishi kila mmoja amfungulie mwenzake sehemu ya mlango wake. Nyuma ya kituo kuna reli ya TAZARA, ambayo nayo ilizaliwa na makubaliano ya Tanzania, Zambia na Uchina yaliyotiwa saini Beijing Septemba 1967. Hata barua yenye stempu ya Tanzania inapokelewa Ulaya bila kudaiwa stempu nyingine kwa sababu ya umoja wa posta ulioanzishwa 1874. Maelfu ya kanuni kama hizi hufuatwa kila siku na hakuna redio inayozitangaza.

---

Mwanakyela ameandika:

Nawashukuru sana. Mwalimu, habari ya Kagera sikuwahi kuisikia ikielezwa hivyo, na imenilazimu nifute ukurasa wangu wa kwanza wote.

Limebaki jambo moja. Bibi yangu mzaa mama ana shamba la mpunga karibu na Mto Songwe, na mto ule hautulii. Anasema zamani shamba la marehemu kaka yake lilikuwa upande huu, na sasa maji yako kati yake na sisi. Mto ukiwa ndio mpaka, ukihama, je, shamba limehamia Malawi?

---

WakiliGangilonga amejibu:

Swali hili ni la zamani kama mito yenyewe, na sheria ina jibu lenye matawi mawili. Mto ukila ukingo mmoja polepole na kujaza mchanga ukingo wa pili, mwaka baada ya mwaka, mpaka unahama pamoja na mto. Mto ukiacha njia yake ghafla, kwa mafuriko, ukajichimbia njia mpya, mpaka unabaki kwenye mkondo wa zamani hata kama umekauka na kuota matete. Marekani na Meksiko ziligombania kipande cha ardhi kiitwacho Chamizal, kando ya Rio Grande, kwa karibu miaka mia moja kwa sababu mto ulikuwa umefanya yote mawili kwa nyakati tofauti. Wasuluhishi walitoa uamuzi 1911, na ukaja kumalizwa kwa mkataba wa miaka ya 1960.

Kanuni hiyo inatumika pale tu ambapo nchi hazijakubaliana vingine. Zikikubaliana kuuweka mpaka kwa alama za kudumu, mto unaweza kwenda utakako na mpaka usitikisike. Kwa Songwe, nchi zetu mbili zina kamisheni ya pamoja ya bonde la mto, na kuutuliza mto ule ni miongoni mwa sababu zilizozikutanisha.

Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, mwulize bibi kama mto ulihama taratibu au kwa mara moja. Na umwulize aliyaona mwenyewe au alisimuliwa.

---

Mwanakyela ameandika:

Nimempigia simu jioni hii. Anasema aliyaona mwenyewe. Ilikuwa masika, mvua ilinyesha siku tatu, wakalala mto ukiwa ng'ambo ya shamba la kaka yake, na kulipokucha ulikuwa upande wa huku. Mkondo wa zamani bado upo, ng'ombe wanalisha humo wakati wa kiangazi. Nimemwomba, nikienda likizo, anipeleke nikauone.